Fundi Baridi na Simu Isiyosema

Mtaa mzima walimwita Bi Pazia, kwa sababu kazi yake ilikuwa kushona mapazia, na kwa sababu ukiingia kwake humwoni mpaka upenye katikati ya vitambaa vinavyoning'inia tangu mlangoni. Alikuwa mama wa miaka sitini na kitu, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi na mdomo usiojua kupumzika. Ndiyo maana yaliyompata yalimshangaza hata yeye mwenyewe: taabu yote ile aliipata kwa kunyamaza.

Alikuwa na mdogo wake mmoja tu, fundi wa mafriji, ambaye watu walimwita Fundi Baridi. Jina lilifaa kazi yake na lilifaa uso wake. Bi Pazia alimbeba mgongoni alipokuwa mchanga, akamshika mkono siku ya kwanza ya shule, na hata mvi zilipomjaa kichwani alikuwa bado akimkumbusha kuvaa sweta. Lakini wakati wa mambo haya, ndugu hawa wawili walikuwa hawasemezani.

Chanzo kilikuwa mtoto. Fundi Baridi alikuwa na kijana mmoja wa kiume, aliyemlea akijua siku moja karakana itakuwa yake. Kijana akasoma, akamaliza, akaja na habari kwamba anataka kufundisha chekechea. Baba mtu alidhani ni utani. Alipoona si utani, siku moja karakana ikiwa imejaa wateja, akasema kwa sauti ya kusikika na wote, "Mnamwona huyu? Nimemsomesha ili akafute watoto wa watu kamasi."

Wateja wakacheka. Kijana akasogea kwenye sinki. Alinawa grisi mikononi taratibu, kidole kwa kidole, akajifuta, akaondoka. Alihamia mji mwingine, akapata kazi aliyoitaka, akabadili namba ya simu. Namba mpya alimpa mtu mmoja tu, shangazi yake. Mama yake mwenyewe aliikataa. Alijijua kwamba hawezi kumficha mumewe jambo hata siku mbili. Kwa hiyo salamu za mama na mwana zikawa zinapitia kwenye cherehani ya Bi Pazia.

"Ila niapie, shangazi," kijana alisema. "Baba asiipate. Akiipata atapiga kunifokea, na mimi nitamjibu, halafu hatutarudi tena nyuma."

Shangazi akaapa.

Fundi Baridi alipopata fununu kwamba namba iko kwa dada yake, alikwenda kuitaka. Alisimama mlangoni, kichwa kimeguswa na ncha ya pazia, hakutaka hata kukaa.

"Nipe namba ya mtoto."

"Nimeapa, mdogo wangu."

"Umeapa kunificha mtoto niliyemzaa mimi?"

"Nimeapa kwa mtu mzima aliyeniomba."

"Sawa," akasema Fundi Baridi. "Basi na mimi usinipigie."

Akamfungia kwenye simu yake. Tangu siku hiyo kila Bi Pazia alipojaribu, simu ililia mara moja ikakatika, kama mtu aliyefunga mlango usoni pako bila hata kuubamiza.

Mambo yakakaa hivyo. Habari za mdogo wake alizipata kwa wifi yake, mke wa Fundi Baridi, aliyekuwa akimpigia kwa kuibia. Tatizo ni kwamba wifi huyo alikuwa mpole kupita kiasi. Hata nyumba ingeungua angesema kuna joto kidogo. Kwa hiyo mteja mmoja alipokuja kupima mapazia ya sebuleni na kusema, "Pole na kaka yako, nilimwona juzi anakohoa mpaka ameshikilia ukuta," na wifi alipoulizwa akajibu, "Yuko salama tu, ni vumbi," Bi Pazia hakupata usingizi wa maana. Alitaka kusikia kile kifua mwenyewe. Angesikia kidogo tu, angejua.

Ghorofa ya juu alikaa nesi mmoja, mwanamke kijana mwenye haraka, ambaye mapazia yake yote aliyashona Bi Pazia. Bi Pazia alijua kwamba nesi huwapigia wagonjwa kutoka nyumbani na namba yake haionekani.

"Ikionekana nimekwisha," nesi alimwambia zamani. "Watanipigia kuniuliza habari za vidonda hata niwe harusini."

Basi Bi Pazia akapanda ngazi na simu yake mkononi.

"Mwanangu, nifichie namba."

Nesi alikuwa anapiga pasi sare. Akaiacha pasi wima, akachukua simu. "Ni rahisi. Unafungua hapa unapopigia. Unaona hizi nukta tatu pembeni? Unabonyeza. Mipangilio. Unashuka, unashuka, hapa kuna huduma za ziada. Hapa ni namba yako ionekane au isionekane. Tunachagua isionekane. Basi."

"Na mtu akishanifungia? Itapita?"

"Mara nyingi inapita, maana simu yake haijui ni nani anayepiga. Isipokuwa amefunga na namba zote za siri."

"Huyo hajui hata kuzima tochi."

"Lakini atakujua ukifungua mdomo tu, mama."

"Sitafungua."

Nesi akamrudishia simu. "Wewe? Hutafungua?"

Akacheka, na Bi Pazia naye akacheka, akashuka.

Alipiga alasiri, wakati anaojua karakana imetulia. Alikaa kwenye kiti cha cherehani, mkono mmoja umeshika simu, wa pili umejiziba mdomo. Simu ililia, ikaendelea kulia, ikapokelewa.

"Halo."

Ilikuwa sauti yake, na nyuma yake kulikuwa na mlio wa friji linalojaribu kuwaka.

"Halo? Nani mwenzangu?"

Akakohoa. Bi Pazia akafumba macho na kusikiliza. Kilikuwa kikohozi cha juu, cha kooni, hakikutoka chini kifuani. Moyo wake ukashuka mahali pake. Alikuwa amepata alichotaka, na kidole chake kilikuwa njiani kwenda kukata, pale ndugu yake aliposema kwa sauti ambayo hakuwahi kuisikia kwake tangu wakiwa watoto:

"Ni wewe, baba?"

Bi Pazia aliganda. Neno lile "baba" Fundi Baridi alilitumia kwa mtu mmoja tu duniani, mwanawe, na alilitumia zamani, kijana akiwa bado anabebwa mabegani.

"Kama ni wewe usikate. Si lazima useme kitu."

Bi Pazia akakata.

Alikaa pale mpaka chai yake ikapoa. Alijiambia kwamba ni jambo dogo, hatapiga tena, na ndugu yake atasahau. Lakini kesho yake wifi akapiga, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikuwa ile ya kila kitu salama tu.

"Wifi! Mwanao amempigia baba yake!"

"Amempigia?" Bi Pazia aliuliza, na alisikia jinsi alivyouliza vibaya.

"Hakusema neno, lakini baba yake amemjua kwa kuhema tu. Ni wewe umemshauri, najua. Mungu akubariki. Yaani huyu mzee tangu jana simu haitoki mkononi. Anaingia nayo bafuni, ameitia kwenye mfuko wa nailoni!"

Hapo ndipo pa kusema. Bi Pazia alijua kabisa kwamba hapo ndipo. Alifungua mdomo, na kilichotoka kilikuwa, "Alhamdulillahi." Na mtu ukishajibu hivyo, utaanzia wapi tena?

Siku zikapita. Wifi akapiga tena kusema mzee hali chakula vizuri, anaitazama simu mezani kama mgeni anayesubiri kukaribishwa. Jumapili Bi Pazia akashindwa kujizuia. Alijidanganya kwamba ni huruma: atapiga, atakaa kidogo, atakata, mtu apate chakula chake kwa amani. Akapiga.

Ilipokelewa kabla haijamaliza mlio wa kwanza.

"Afadhali," akasema Fundi Baridi. Kiti kikasikika kikivutwa. "Usiseme. Mimi nitasema."

Akaanza na kazi, kwa sababu ndiyo lugha aliyoijua. Alisema wiki ile ameletewa friji lisilopoza, amefungua nyuma, amekuta panya amejenga nyumba kwa pamba na karatasi, nyumba nzuri kuliko za watu wengi, na kwamba alipomwonyesha mwenye friji, yule mama alipanda juu ya kaunta na hakushuka mpaka alipoletewa kiti. Alicheka peke yake. Kisha Bi Pazia akamsikia anapumua.

"Lile neno," akasema. "Lile la mbele ya wateja. Wewe unadhani nimelisahau. Nilisema hivyo kwa sababu niliona aibu. Sikukuonea aibu wewe. Nilijionea mimi. Nilijiuliza, kama mtoto anaikimbia kazi yangu, basi kazi yangu yote hii ni ya nini? Wakacheka, na mimi nikacheka nao. Mpaka leo nikisikia kicheko cha wateja nageuka kuangalia sinki, kama bado unanawa."

Bi Pazia alikata simu. Alilia, lakini hakulia kwa kumhurumia ndugu yake tu. Alikuwa amekaa mahali pa mtu mwingine, akala chakula cha mtu mwingine, na sahani ilikuwa tupu.

Jambo lililomwinua kitini lilikuwa rangi. Wifi alimpigia katikati ya wiki akisema mume wake ameanza kupaka rangi chumba cha kijana. Ametoa vyuma vyote alivyokuwa amevirundika humo, amesugua sakafu, ameanza ukuta wa dirishani. Bi Pazia akaona kwamba kimya chake kimeshakuwa kitanda na kuta nne.

Akampigia kijana, wakati wa mapumziko ya shule, na nyuma yake kelele za watoto zilikuwa kama kuku waliomwagiwa mahindi. Akamweleza yote. Mpwa wake hakumkatiza.

"Kwa hiyo mimi nimempigia baba," akasema mwishoni, "na mimi sijui."

"Ndiyo, mwanangu."

"Shangazi, umeniwekea maneno mdomoni bila hata kusema neno moja. Hiyo kazi wewe tu unaiweza." Hakuwa anacheka. Kisha, baada ya kumwambia mtoto fulani aache kulamba chaki, akauliza kwa sauti ya chini, "Alisema nini?"

Bi Pazia alikuwa na kila neno mdomoni. Kutoka la panya mpaka la sinki. Angeyasema tu, pengine kijana angepanda basi siku ileile.

"Siwezi kukwambia," akasema.

"Kwa nini? Si alikuwa ananiambia mimi?"

"Ndiyo maana. Nimeyaiba mara moja. Nikikuletea mimi, nitakuwa nimeyaiba mara mbili. Lakini hakukufokea. Hilo nakwambia."

Kengele ya shule ikagonga.

"Kwanza umwambie ukweli," kijana akasema. "Mimi siwezi kumpigia mtu anayedhani nimeshampigia."

Siku iliyofuata Bi Pazia alifunga kazi mapema, akaenda karakana. Mafriji yalisimama ukutani bila milango, matumbo wazi. Fundi Baridi alikuwa amepiga magoti nyuma ya moja, bisibisi mkononi, na simu imelazwa juu ya kitambaa safi karibu na goti lake. Alipomwona dada yake hakusimama.

"Umefuata nini?"

"Nimekuja kukwambia jambo, na ukishalisikia unaweza kunifukuza."

"Sema."

"Zile simu za kimya. Si mtoto. Ni mimi."

Bisibisi iliendelea kuzunguka. Ilizunguka mpaka skrubu ikakaza, na bado ikawa inazunguka.

"Ulikuwa unakohoa," Bi Pazia akaendelea. "Nilitaka kukusikia kifua tu. Ulikuwa umenifungia, nikaficha namba. Halafu ukasema 'baba', nikaogopa. Nikasema sitarudia, nikarudia."

"Ya Jumapili pia?"

"Ya Jumapili pia."

Fundi Baridi akaiweka bisibisi chini. Aliitazama mikono yake. Uso wake haukukasirika. Ulilegea tu, kama kitambaa kilichotolewa kwenye fimbo, na hilo lilimuumiza dada yake kuliko matusi.

"Basi umesikia yote."

"Nimesikia."

"Umemwambia?"

"Hapana."

"Nani alikufundisha kuficha namba?"

"Nesi wa juu."

"Wenzako wakienda kwa nesi wanarudi na dawa," akasema. Akachukua simu pale kitambaani, akaitia mfukoni. "Nenda nyumbani, dada. Sikufukuzi. Ila nenda."

Akaenda. Alipofika alipanda kwa nesi akamwomba amrudishie namba yake ionekane, na alipoulizwa kulikoni, kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane, alisema hana la kusema. Kisha akampigia mpwa wake: "Nimemwambia." Kijana akajibu, "Sawa," na hakuahidi kitu.

Yaliyotokea baadaye Bi Pazia aliyapata kwa wifi, ambaye siku hiyo alisahau kabisa kuwa mpole.

Fundi Baridi alirudi nyumbani akafunga kopo la rangi, ukuta mmoja umepakwa na mitatu bado. Kila simu ilipoingia kutoka kwa namba asiyoijua hakuigusa. "Ni dada huyo," akasema. "Amepata njia nyingine." Jumamosi asubuhi, yeye na mkewe wakiwa wanakunywa chai, simu ikalia. Namba ngeni. Ikalia mpaka ikakoma. Ikalia tena.

"Pokea," mke akasema.

"Mwache apige mpaka achoke."

Mke akainyakua mezani. "Halo?" Kisha akapiga ukelele uliowatoa majirani dirishani, akaanza kulia na kucheka na kuuliza mtu kama amekula, yote kwa pamoja. Akamnyoshea mumewe simu.

Fundi Baridi aliishika kwa mikono miwili. Aliiweka sikioni, na hakusema halo.

"Sema kitu," akasema.

"Shikamoo, baba."

"Sema tena."

"Shikamoo, baba. Ni mimi."

"Sema kitu kingine."

Kijana alikuwa amejiandaa kwa kila jambo isipokuwa hilo. Akababaika, akasema kitu cha kwanza kilichomjia, kwamba darasani kwake kuna mtoto mmoja kila siku anaficha kiatu cha kushoto cha mwalimu, na jana mwalimu mwenyewe alirudi nyumbani na kandambili ya mpishi. Fundi Baridi alimsikiliza mpaka mwisho. Alimuuliza huyo mtoto ni wa nani. Alimuuliza wako wangapi darasani, na kama shule ina friji. Kijana akasema lipo, linavujisha maji. Basi hapo wakazungumza kwa muda mrefu habari ya friji la shule: atazame bomba gani, asiguse nini. Wifi alisimama mlangoni akishangaa watu wawili wanaokaa miaka bila kuonana halafu wanaongelea maji ya friji. Alikuwa karibu kumpokonya mumewe simu pale alipomsikia akisema, sauti imeshuka, "Lakini kuna jambo nilishalisema mara moja, likaenda kwa mtu siye. Nataka nilirudie." Ndipo wifi akatoka nje, akafunga mlango.

Bi Pazia alifurahi, na furaha yake ilikuwa na mwiba ndani, kwa sababu simu ya ndugu yake kwake ilibaki imefungwa. Hakujaribu kupiga. Alishona. Wateja waligundua kwamba haongei kama zamani, wakadhani ni meno.

Mpaka asubuhi moja, akiwa amejaza pini mdomoni, simu ikalia na jina la ndugu yake likatokea kwenye kioo, herufi zote. Akatema pini mkononi.

"Dada."

"Abee, mdogo wangu."

"Bado nimekukasirikia."

"Najua."

"Sijui nitakukasirikia mpaka lini. Nisiulizwe."

"Sitauliza."

"Mtoto anasema alikuuliza nilichosema, ukamkatalia."

"Hayakuwa yangu."

Alimsikia akikohoa, kile kikohozi cha juu, na akauma ulimi asimwambie habari za sweta.

"Shule zikifungwa atakuja," Fundi Baridi akasema. "Wiki moja tu. Mama yake anataka akae mwezi, lakini amesema wiki." Akaendelea. "Wifi yako anasema friji lako linanguruma."

"Linanguruma tangu mwaka jana. Usiku linanitisha."

"Mwaka mzima! Na hukuita fundi?"

"Ningemwita fundi gani?"

Upande wa pili akasikia droo ikivutwa na vyuma vikigongana, mtu anachagua vifaa.

"Nakuja Jumamosi," akasema. "Ulizime kabisa, utoe vitu vyote ndani. Na usinisimamie kichwani nikifanya kazi."

Alikuja na mkewe, wakashinda. Fundi Baridi alipiga magoti nyuma ya friji asubuhi nzima, hakusema mengi, na dada yake alikaa chumba cha pili na wifi, akijitahidi kadiri alivyoweza kutochungulia.